Wiki ya Mwisho ya Muhula Huko Kihoto

Ukishuka kutoka mjini Naivasha kuelekea ziwani, kabla hujayafikia mafunjo na matete, unakutana na mtaa wa Kihoto. Jina ni la Kikuyu, na maana yake ni haki, au hoja ya haki isiyopingika. Ni mtaa wa nyumba za kupanga, nyingi zikikaliwa na watu wanaofanya kazi katika mashamba ya maua, mahotelini na katika biashara ndogondogo za mjini. Wamo watu wa kila pembe ya Kenya, na jamaa zetu wa Pwani hawakosi: huyu alimfuata mume, yule alifuata kibarua cha maua, na mwingine aliipanda reli mpya ilipofikishwa bonde la Naivasha mwaka 2019. Walipofika walipanga chumba, na jambo la pili walilolitafuta, baada ya maji na duka, ni shule ya mtoto.

Makala haya yanahusu shule hiyo ya mtoto, katika wiki moja: kuanzia Jumatatu tarehe 20 hadi Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025, wiki ya kufunga muhula wa tatu. Nimeichagua wiki hiyo kwa sababu mambo matatu yalikutana ndani yake, nayo ni kufungwa kwa mwaka wa masomo, kukaribia kwa tathmini ya taifa, na ziwa lililokuwa limeingia majumbani mwa watu.

Kwanza ziwa, maana bila kulijua hutaelewa hali ya mtoto wa Kihoto. Naivasha ni ziwa la maji baridi lililo juu kuliko maziwa yote ya Bonde la Ufa nchini Kenya, mita zipatazo 1,890 kutoka usawa wa bahari. Mito ya Malewa na Gilgil humimina maji yake humo, wala hakuna mto hata mmoja utokao. Maji hupenya chini kwa chini, na ndiyo sababu hayakugeuka magadi kama ya Nakuru na Elmenteita. Jina lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yenye misukosuko, kwani upepo wa alasiri hulichafua ziwa likafanya mawimbi kama mkondo wa bahari wakati wa kusi. Wazee wa pwani hii walilijua mapema. Mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alipolifikia, hakuwa peke yake. Alisafiri pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa na uzoefu wa njia za Umaasaini kumzidi mgeni wake. Vitabu vingi humtaja Thomson na kumsahau Jumbe.

Ziwa hili lina desturi ya kupanuka na kunywea. Kuna miongo ambayo lilirudi nyuma sana, watu wakalima na hatimaye wakajenga mahali palipokuwa maji. Mwaka 2009 lilipungua hata watu wakahofia litakauka. Tangu mwaka 2010 likaanza kupanda, na halikuwa peke yake: Baringo, Bogoria, Nakuru na Turkana nayo yalipanda. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu karibu 380,000 katika kaunti 13 walikuwa wameathiriwa na kupanda kwa maziwa haya pamoja na Ziwa Viktoria. Wataalamu wengi wanataja mvua iliyozidi katika vyanzo vya mito, na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti ukajaza kina. Wako pia wanaoutaja mwendo wa miamba chini ya Bonde la Ufa. Kihoto ilifurikwa mwaka 2020. Ikafurikwa tena mwaka 2025, na mwezi wa Oktoba na Novemba maelfu ya watu wakahama, baadhi yao wakitolewa na vyombo vyao kwa mashua zilizozoea kubeba watalii wanaokwenda kutazama viboko.

Sasa turudi shuleni.

Jumatatu ile haikuwa siku ya masomo. Ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa, na nchi ilikuwa bado katika majonzi ya kifo cha Raila Odinga, aliyefariki tarehe 15 Oktoba na kuzikwa Bondo siku moja kabla ya sikukuu. Hivyo wiki ilianza Jumanne, na kwa wiki ya kufunga shule, siku nne ni chache mno. Walimu hukamilisha kusahihisha, hujaza ripoti, hukusanya vitabu vya serikali walivyoazimwa wanafunzi. Hapo ndipo maji yanapoleta kesi. Kitabu kilichotolewa na serikali ni amana ya shule, na mtoto ambaye chumba chao kimeingia maji usiku hana cha kurudisha isipokuwa majani yaliyovimba. Namna mwalimu mkuu anavyolipokea jambo hilo, kwa huruma au kwa kudai malipo, ndiyo itakayomwamulia mzazi kama atarudi Januari kwa moyo mkunjufu au atajificha. Mimi naona kitabu kilicholoa kiandikwe katika daftari la hasara na mtoto aachwe aende zake.

Wasomaji wetu wengi, hasa akina mama waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, wametuambia kwamba bado hawajaielewa vizuri ripoti wanayoletewa nyumbani. Basi wiki hii ya mwisho ni mahali pazuri pa kuifungua. Mtihani wa KCPE tuliouzoea, ule wa alama 500 uliotangazwa nchi nzima kwa vifijo na vilio, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi uliotandazwa nchini mwaka 2019 hauulizi mtoto amekuwa wa ngapi darasani. Humpima kwa viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Ukiona kwenye Hisabati pameandikwa kwamba anakaribia matarajio, usiingie na fimbo. Maana yake ni kwamba amejua sehemu ya jambo na sehemu nyingine bado. Muulize mwalimu ni sehemu ipi. Swali hilo moja lina faida kuliko kelele za jioni nzima.

Kwa mtoto wa Gredi ya Sita, mtihani wa Baraza la Kitaifa la Mitihani ujulikanao kwa jina la KPSEA huwa na karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi Unganishi, na ya tano inayochanganya Sanaa Bunifu na Masomo ya Jamii. Mwaka huo wa 2025 ulianza Jumatatu tarehe 27 Oktoba, siku tatu tu baada ya shule kufungwa, na watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja nchini kote. Lakini mtihani huo ni asilimia 40 tu ya hesabu. Asilimia 60 zilizobaki hutokana na tathmini zilizofanywa shuleni na mwalimu wake tangu Gredi ya Nne: mradi alioutengeneza, jaribio alilolifanya, insha aliyoiandika. Wala KPSEA haimfungii mtoto mlango, maana kila mmoja huingia Gredi ya Saba. Alama zake huhifadhiwa, na baadaye huchukua asilimia 20 katika hesabu ya kumpangia sekondari pevu akimaliza Gredi ya Tisa.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hasara ya mtoto wa Kihoto inapojificha. Zamani, mtoto aliyekosa shule wiki tatu katika darasa la tano aliweza kujikaza darasa la nane akafuta kila kitu kwa siku tatu za mtihani. Leo wiki tatu alizokosa Gredi ya Tano zinaweza kuwa ndizo wiki za tathmini. Pengo huandikwa likabaki. Mfumo huu una sifa njema nyingi, nami ni miongoni mwa wanaoupenda, ila unamtaka mtoto awe na makao ya kudumu. Wa nyumba iliyozungukwa na maji unamwadhibu pasipo kukusudia.

Kuna jambo ambalo mzazi anaweza kulifanya, nalo ni jepesi. Kila mtoto husajiliwa na Baraza la Mitihani na kupewa nambari ya tathmini, ambayo humfuata aendako. Anapohamishwa kutoka Kihoto kwenda Gilgil, Nakuru, au hata kurudishwa kwa bibi yake Likoni, nambari hiyo ndiyo inayoiambia shule mpya kwamba huyu si mgeni, alama zake za Gredi ya Nne ziko. Basi maji yanapokaribia mlango, kabla ya godoro na kabla ya televisheni, kitoke cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nambari ya tathmini, na ripoti zake. Vitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Aliye na simu apige picha ya kila karatasi na kumtumia ndugu aliye mbali. Na anayehama aage shuleni. Asiondoke kimyakimya usiku kama mwenye deni, maana mtoto asiyeagwa huhesabiwa mtoro.

Jumatano na Alhamisi, katika wiki ya kawaida, ndizo siku ambazo masomo huwa yamekolea. Ratiba ya shule za msingi za juu, yaani Gredi ya Nne hadi ya Sita, ina vipindi 35 kwa wiki. Kiingereza kina vipindi vitano, Hisabati vitano, Kiswahili vinne. Hapo kwenye Kiswahili watu wa Mvita na Lamu huwa na neno la kusema, na acha walisemee: lugha inayotumika kama daraja la kabila zote za Kihoto, lugha ambayo UNESCO imeitengea siku yake ya kimataifa tarehe 7 Julai, imepewa kipindi kimoja pungufu ya Kiingereza. Mtoto wa Pwani akihamia Naivasha hujikuta hodari ghafla katika somo hilo, naye huchekwa kwa kutamka vizuri. Baada ya muhula mmoja, wenziwe ndio humfuata awasaidie ngeli.

Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Masomo ya Jamii yana bahati Kihoto kwamba maabara yake iko nyuma ya uzio. Ziwa Naivasha liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za kimataifa za Ramsar mwaka 1995. Tai mla samaki, mwari, samaki wa tilapia, mafunjo yanayochuja udongo wa mto, gugumaji lililofunika ghuba nzima: yote hayo mtoto anayaona akienda kununua mkaa. Mwalimu mwenye bidii akiwapa wanafunzi kijiti wakichome ukingoni na kukipima kila Jumatano, watajifunza vipimo, grafu na mazingira katika somo moja, na huenda wakawa na kumbukumbu ambazo watu wazima wa mtaa hawana. Lakini kijiti hicho kipimwe asubuhi jua likiwa juu, mwalimu akiwa mbele. Jioni na usiku kiboko hutoka majini kula nyasi, na maji yanapopanda malisho yake huingiliana na njia za watu. Mnyama huyu anaonekana mzito na mpole. Ukweli ni kwamba anamzidi mwanadamu mbio.

Hatari nyingine haina meno. Maji yanapofika kwenye vyoo vya shimo, kilichomo hutoka. Mtoto anayevuka maji hayo kwa miguu mitupu akishika sare mkononi huingia darasani na magonjwa ya tumbo, na shule nzima hunywa kutoka bomba moja. Akina mama wanaofanya kazi mashambani huondoka alfajiri kwa mabasi ya kampuni, hasa miezi ya kabla ya Februari, ambapo waridi za Naivasha huhitajika Ulaya kwa siku ya wapendanao. Wakati huo mtoto huamka, hujiandaa na kumwandaa mdogo wake bila mkubwa nyumbani. Hivyo mafunzo ya kuchemsha maji na kunawa mikono hayatoshi kuambiwa mama peke yake. Ayajue binti wa Gredi ya Tano, kwa sababu ndiye anayeiendesha nyumba kati ya saa kumi na moja na saa mbili.

Huzuni ya maji si ngeni kwa shule za eneo hili. Tarehe 29 Aprili 2024 maporomoko ya maji na tope yalisomba watu wengi karibu na Maai Mahiu, katika eneo hilohilo la Naivasha. Mwaka huo serikali iliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili nchini kote, kwanza kwa wiki moja, kisha hadi ilipotangaza tena, na watoto wakarudi darasani tarehe 13 Mei. Na mwaka 2020, Kihoto ilipofurika, shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Mtoto aliyekuwa Gredi ya Kwanza mwaka huo ndiye aliyefanya KPSEA Oktoba 2025. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi masomo yake yamekatizwa kwa jambo lisilo lake.

Ijumaa shule hufungwa. Bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, ripoti hugawanywa. Kwa familia za Kiislamu Ijumaa ina mizani yake, na hapa niseme kidogo kuhusu somo la dini. Ratiba inatoa vipindi vitatu vya dini kwa wiki, na kimoja zaidi cha malezi ya kiroho. Mtaala wa Elimu ya Dini ya Kiislamu upo kamili: Qur'ani, Hadithi, nguzo za imani, ibada, akhlaki, muamalati na historia ya Uislamu. Tatizo ni mwalimu. Katika miji ya bara ambako Waislamu ni wachache, shule nyingi hazina wa kulifundisha, na mtoto hukaa katika somo la dini nyingine au hutumwa kufagia uwanja mpaka kipindi kiishe. Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu wa dini na itikadi, lakini katiba haiingii darasani na chaki. Wazazi wa Kiislamu wa shule moja wakiwa hata kumi, waende pamoja kwa mwalimu mkuu na kwa bodi ya usimamizi, kwa adabu na kwa maandishi, waombe kwamba mwalimu wa madrasa ya karibu asaidie vipindi hivyo kwa utaratibu ambao shule itaukubali. Mtu mmoja akienda peke yake husikilizwa kwa upole na kusahaulika. Waende kabla muhula haujaanza, ratiba ikiwa bado inaandikwa.

Madrasa nayo hupotea mafuriko yanapokuja, tena kimya, kwa kuwa hakuna wizara inayoihesabu. Familia ikihamia kwa jamaa upande wa pili wa mji, shule hutafutwa siku ya pili, na chuo cha Qur'ani huambiwa kisubiri. Aliyekuwa katikati ya juzuu akiachwa miezi mitatu hurudi nyuma sura kadhaa. Mama anayeweza kumsikiliza mwanawe kila baada ya magharibi, hata kama hajui tajwidi, anamshikia mahali pake.

Baada ya Ijumaa ile, watoto wa madarasa mengine walikwenda likizo, na wa Gredi ya Sita wakarudi Jumatatu na penseli zao. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu, yafikia Januari, na kwa Kihoto si mapumziko. Ni miezi ya kutafuta chumba kingine, kodi ikiwa imepanda kila mahali pakavu. Jamaa zetu walio Mombasa, Malindi na Kilifi wanaweza kuuliza wasaidie nini. Fedha zikiwepo, ni vyema. Zisipokuwepo, mpokeeni mtoto kwa likizo ili mama ahame akiwa na mikono mitupu. Mtumieni sare, kwani sare ya zamani haikauki. Na anayetaka kumhamishia mtoto shule ya huku moja kwa moja aanze mazungumzo Novemba, siyo wiki ya kufungua, awe na nambari ya tathmini mkononi.

Aliyemaliza Gredi ya Sita hahitaji kutafutiwa shule mbali. Tangu mwaka 2023 sekondari ya msingi imewekwa katika viwanja vya shule za msingi, kwa hiyo Januari ataingia kwa lango lilelile, apite madarasa ya wadogo zake, akae Gredi ya Saba. Wazazi wake wamuulize mwalimu mapema ni vitabu gani vinavyotolewa na serikali na ni daftari ngapi za kununua, na wamwonyeshe njia mpya ya kwenda shuleni mchana mmoja kabla ya siku ya kwanza, kwa kuwa ile ya zamani, mwezi Novemba, bado ilikuwa chini ya maji.